Kabla tiyo haijaingia ziwani, tusome namba iliyo mgongoni mwake

Leo nataka tuzungumze juu ya tiyo. Nasema ile tiyo nyeusi ya plastiki inayotoka ndani ya Ziwa Kivu na kupanda hadi kwenye tanki ambapo akina mama wanapanga bidoni tangu alfajiri. Wengine wanaiita bomba. Jina lolote mtakalolipa, maisha ya watu wengi yanapita ndani yake, na mimi naona tunaipokea bila kuiuliza swali hata moja.

Wakati kambi bado zilikuwa zimejaa kandokando ya mji wa Goma, nilikwenda kwenye sehemu moja ya ufuo ambako maji yalikuwa yameacha kutoka. Mradi ule ulikuwa haujatimiza mwaka. Wengine walisema mazutu imekwisha, wengine walisema pampu imeharibika. Fundi aliifungua pampu, akaikuta nzima. Ndipo vijana wakaingia majini na kuivuta tiyo hadi nchi kavu. Nilihesabu hatua kumi na mbili za tiyo iliyokuwa bapa kama mkanda wa suruali. Haikutoboka, haikukatwa na mtu. Kuta zake mbili zilikuwa zimekutana katikati, na maji hayakuwa na njia ya kupita.

Mama mmoja aliyekuwa na bidoni mbili mikononi aliniuliza: « Maji yako ndani ya ziwa, tiyo nayo iko ndani ya ziwa. Sasa ni nini kilichoibana? » Sikuwa na jibu. Kwa wiki kadhaa baada ya siku ile, watu walirudi kuchota kwa mkono pale pale ufuoni, penye kufuliwa nguo na kuoshwa vyombo. Sisi watu wa Goma hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana ya maji ya ziwa yasiyotiwa klorini. Kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa sura.

Nimelibeba swali la mama yule kwa mafundi na wahandisi mbalimbali. Leo namletea jibu, pamoja na maoni yangu.

Jibu la kwanza: si kina cha ziwa kilichoibana. Watu wengi wanadhani tiyo ikishuka chini sana, uzito wa maji unaiponda. Ni kweli kwamba maji yana uzito. Kila mita 10 ukishuka, mgandamizo unaongezeka kwa karibu bar 1. Lakini tiyo iliyojaa maji, iliyo wazi mdomoni, ina mgandamizo uleule ndani na nje. Maji ya ndani yanaisukuma kuta kwa nje, maji ya nje yanaisukuma kwa ndani, na nguvu hizo mbili zinalingana. Unaweza kuilaza kwenye mita 5 au mita 40, haitabonyea kwa sababu ya kina peke yake.

Kinachoponda tiyo ni tofauti kati ya nje na ndani. Jaribuni nyumbani: mimina maji ya moto kidogo ndani ya bidoni ya plastiki, itikise, yamwage, kisha funga kifuniko haraka na uache ipoe. Mbavu zake zitaingia ndani zenyewe. Hakuna mtu aliyeikanyaga. Hewa ya nje imeisukuma kwa sababu ndani hakuna tena kitu cha kutosha kusukuma kwa upande wa pili.

Tiyo ya ziwani inapatwa na jambo hilo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufyonza. Pampu ikiwekwa ufuoni, juu ya maji, inafyonza kama mtoto anayenyonya soda kwa mrija. Ndani ya tiyo mgandamizo unapungua. Kichujio cha mdomoni kikizibwa na majani au na mifuko ya plastiki, pampu inaendelea kufyonza lakini maji hayaingii. Hapo utupu unakuwa mkali. Kwa kimo cha Goma, ambako ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ina mgandamizo wa karibu bar 0.85. Basi hiyo 0.85 ndiyo nguvu kubwa ambayo utupu wa pampu unaweza kuleta dhidi ya ukuta. Inaonekana ndogo, lakini mtaona.

Njia ya pili ni siku ya kuizamisha. Plastiki hii inaelea. Mafundi wanaziba ncha zote mbili, tiyo inavutwa na mitumbwi ikiwa imejaa hewa, mawe ya saruji yakiwa yamefungwa juu yake. Kisha maji yanaingizwa polepole upande mmoja na hewa inatoka upande mwingine. Fundi mwenye haraka akiiacha ishuke na hewa ndani hadi mita 20, nje kuna bar 2 zaidi ya ndani. Hapo kina kinakuwa adui wa kweli.

Njia ya tatu ni umeme kukatika ghafla, na kukatika kwa umeme sisi tumezoea. Maji yaliyokuwa yanapanda mlimani kwa kasi hayasimami mara moja. Yanaendelea kupanda kidogo, na nyuma yake yanaacha utupu. Tiyo inayopanda kwenda kwenye tanki inaweza kubonyea hata ikiwa nchi kavu, kama haina valvu ya kuingiza hewa.

Sasa tuje kwenye unene, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mgongoni mwa kila tiyo nzuri ya plastiki kuna maandishi: aina ya plastiki, upana, unene wa ukuta, halafu herufi SDR na namba, na herufi PN na namba nyingine. SDR si siri ya wahandisi. Ni upana wa nje uliogawanywa kwa unene wa ukuta. Tiyo ya milimita 110 yenye ukuta wa milimita 10 ni SDR 11. Yenye ukuta wa milimita 6.6 ni SDR 17. Yenye ukuta wa milimita 4.2 ni SDR 26. Namba ikiwa kubwa, ukuta ni mwembamba.

Ili kujua tiyo itavumilia kubanwa kiasi gani, fanya hivi. Chukua SDR, toa 1. Jibu ulilopata lizidishe lenyewe kwa lenyewe, kisha zidisha tena kwa lilelile. Halafu gawanya 5,000 kwa jibu hilo. Unachopata ni bar. Hiyo 5,000 inatokana na ugumu wa plastiki nyeusi ya polietilini baada ya kubeba mzigo miaka mingi kwenye maji yenye joto la nyuzi 20 hivi. Maji ya juu ya ziwa letu ni ya joto kidogo zaidi, kwa hiyo mhandisi makini atapunguza tena.

Tufanye hesabu pamoja. SDR 11: 10 mara 10 mara 10 ni 1,000. Gawanya, unapata bar 5. SDR 17: 16 mara 16 mara 16 ni 4,096. Unapata bar 1.2. SDR 26: 25 mara 25 mara 25 ni 15,625. Unapata bar 0.3 tu.

Kisha kila jibu tunalikata nusu, kwa sababu hakuna tiyo isiyo na kasoro, na hakuna mhandisi mwenye akili anayetembea kwenye ukingo wa shimo. Zinabaki 2.5, na 0.6, na chini ya 0.2. Sasa rudini kwenye utupu wa pampu: 0.85. Ile SDR 26 haina nafasi kabisa. SDR 17 inavumilia kwenye karatasi, lakini bila akiba ya kutosha. SDR 11 inakaa salama.

Tiyo niliyoiona ufuoni, ile iliyokuwa bapa, niliisoma mgongoni. Ilikuwa SDR 26.

Angalieni jinsi hesabu hii ilivyo kali. Kutoka SDR 11 kwenda SDR 26, plastiki inayotumika inapungua zaidi ya nusu, na bei inaifuata plastiki. Lakini nguvu ya kuvumilia kubanwa inapungua zaidi ya mara 15. Aliyenunua aliona ameokoa pesa. Kwa kweli alinunua nguvu moja akaacha kumi na nne na zaidi dukani.

Mbona basi watu wanadanganyika? Kwa sababu ya ile namba nyingine, PN. Hiyo inaeleza mgandamizo ambao tiyo inavumilia kutoka ndani. Kwa plastiki ya aina ya PE100, SDR 11 ni PN 16, SDR 17 ni PN 10, na SDR 26 ni karibu PN 6. Muuzaji atakuambia kwa kiapo: « Hii inabeba bar 6, nyinyi mnahitaji bar 3 tu, msiwe na wasiwasi. » Hasemi uongo. Ikisukumwa kwa ndani, inabeba. Lakini kupasuka na kubonyea ni magonjwa mawili tofauti. Ngozi ya ngoma inavumilia kuvutwa kwa nguvu sana, lakini ukiisukuma pembeni inajikunja bila kukusumbua. Tangu mwaka 1858 mhandisi wa Uingereza William Fairbairn alichapisha majaribio yake juu ya tiyo za chuma zinazobonyea kwa mgandamizo wa nje. Jambo hili si jipya, na hakuna anayeweza kusema halijulikani.

Kuna jambo jingine ambalo linanikasirisha zaidi. Plastiki inachoka. Tiyo mpya, siku ya kwanza, ina ugumu wa karibu mara nne kuliko ule tuliotumia kwenye hesabu yetu. Kwa hiyo siku ya kukabidhi mradi, chefu wa kartie amevaa koti, wageni wamekuja na kamera, pampu inawashwa na maji yanatoka kwa nguvu. Watu wanapiga makofi. Hata SDR 26 siku hiyo itapita mtihani. Kisha wageni wanaondoka. Tiyo inafyonzwa saa nyingi kila siku, sehemu iliyo ufuoni inapigwa jua na kulainika, na polepole inaanza kuwa na umbo la yai. Tiyo iliyobonyea kwa asilimia 5 tu imeshapoteza theluthi moja hivi ya nguvu yake. Inabonyea zaidi, inapoteza zaidi. Asubuhi moja kichujio kinaziba, na kazi imekwisha. Wakati huo ripoti ya mradi imeshaandikwa zamani: « Jamaa zote zimepata maji safi. »

Ndiyo maana nasema: tusipime mradi wa maji kwa siku ya kwanza. Tuupime kwa namba iliyo mgongoni mwa tiyo.

Najua watakaonijibu. Watasema: ndugu mwandishi, wewe hujui bajeti. Pesa ni kidogo, watu ni wengi. Tukinunua tiyo nene, tutafika robine nne badala ya nane. Tena tiyo nene ina tundu dogo ndani, inapitisha maji machache, na ni nzito kubeba. Yote hayo ni kweli, sikatai. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya kiutu wamefanya kazi usiku na mchana katika mji huu, na mimi nimekunywa maji yao.

Lakini sisemi tununue tiyo nene kila mahali. Nasema tuhesabu. Sehemu inayofyonzwa mara nyingi ni fupi, makumi ya mita tu. Hiyo iwe nene. Sehemu inayosukumwa kwenda mlimani inaweza kuwa nyembamba zaidi, mradi iwe na valvu ya kuingiza hewa kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Au pampu yenyewe izamishwe ndani ya ziwa. Hapo tiyo haifyonzwi tena, inasukumwa kutoka ndani, na hatari ile kubwa inaondoka. Kuna njia nyingi za kuokoa pesa kwa hesabu. Kuokoa kwa kukisia ni kumwachia deni mama mwenye bidoni mbili.

Na wakati huu ndio wa kulisema. Mapema mwaka 2025 kambi za kuzunguka Goma zilivunjwa, na jamaa nyingi zilirudi au zilitawanyika, wengine upande wa Sake, wengine Minova, wengine Masisi na Rutshuru. Vita ileile ilikata umeme na maji mjini, tukaona umati ukishuka ziwani na bidoni kama miaka ya nyuma. Kabla ya hapo, Mei 2021, Nyiragongo iliharibu mitambo ya maji, na tuliteseka vilevile. Kila mara baada ya msiba, tiyo mpya zinakuja. Kila mara zinakuja kwa haraka. Haraka ya kuwanywesha watu naielewa, lakini tiyo ikibonyea baada ya miezi kumi, walewale waliokimbia vita wanalipa mara ya pili.

Tena tiyo zijazo huenda zikawa ndefu kuliko hizi. Mnajua kwamba chini ya Ziwa Kivu kuna gesi, methani ya takriban kilomita za ujazo 60. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt pale Karongi unavuta maji yenye gesi kutoka karibu mita 350 na kutoa umeme wa megawati 26 tangu 2016. Upande wetu, mwaka 2022 serikali ilitangaza vitalu vitatu vya gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Siku moja watakuja watu na ramani, watatuita kwenye mkutano, watatuambia habari za umeme na kazi.

Kwenye mita 350 mgandamizo wa maji ni karibu bar 35. Tiyo yetu ya plastiki, hata ile nene ya SDR 11, ikiwa tupu haifiki huko. Tiyo tupu ya chuma yenye upana wa milimita 400 ingehitaji ukuta wa karibu milimita 10 kwa kubonyea peke yake, kabla ya kuongeza unene wa kungojea kutu. Lakini ikiwa iko wazi chini na imejaa maji, mambo yanabadilika kabisa, kama tulivyoona kwa tiyo yetu ndogo. Kwa hiyo swali la kuwauliza wenye ramani ni lilelile la ufuoni: ndani yake kutakuwa na nini, na siku mtambo ukizimika ghafla, tofauti kati ya nje na ndani itakuwa kiasi gani? Raia anayeuliza hivyo hadharauliwi.

Ombi langu kwa kila komite ya maji, kuanzia Himbi hadi Minova, ni hili. Kabla tiyo haijaingia ziwani, mtu mmoja wa komite aisogelee, asome mgongoni na aandike kwenye daftari: upana, unene, SDR. Kama maandishi yamefutika, apime unene kwenye ncha kwa rula ya mwanafunzi na agawanye mwenyewe. Kisha aulize mambo matatu mbele ya watu. Je, sehemu hii itafyonzwa au itasukumwa? Kichujio kikiziba na umeme ukikatika, utupu utafika bar ngapi? Na ukuta huu, ukishachoka, utavumilia bar ngapi? Namba ya tatu iwe angalau mara mbili ya ile ya pili. Isipofika, tiyo irudi kwenye gari iliyoileta, hata kama wageni wameshafika na kamera. Na tiyo zikisubiri ufuoni, zisirundikwe juani moja juu ya nyingine, maana zile za chini zitakuwa na umbo la yai kabla ya kuonja maji.

Hakuna haja ya diploma. Kijana wa darasa la sita anaweza kuzidisha 16 mara tatu. Tunao vijana wengi wa aina hiyo, waliomaliza masomo yao chini ya maturubai.

Mama uliyeniuliza, sijui sasa uko wapi, kama ulirudi kwenye shamba lako au bado uko njiani. Kilichoibana tiyo ni hewa ileile tunayovuta. Ilikuwa inaisukuma siku zote, sawa na inavyotusukuma sisi. Ndani palikuwa patupu, na ukuta ulikuwa mwembamba kuliko kazi uliyopewa. Hesabu ya kulijua hilo ni ya dakika tano. Mtu fulani hakuifanya, nawe ukarudi kuchota ufuoni kwa mkono.